Taa ya Kwa Mchungaji

Kwa miaka thelathini na mmoja Bi Arvella Pruitt aliendesha basi la shule, na katika miaka hiyo yote hakuna mtoto aliyeruka foleni mlangoni pake akafika kwao kwa amani. Aliyeruka alishushwa, akarudishwa mwisho wa mstari, na akinung'unika alirudishwa tena, hata kama mstari wenyewe ulikuwa umebaki yeye peke yake. Watoto hao sasa wana ndevu na vitambi, lakini wakikutana naye dukani bado hujinyoosha kidogo na kuficha sigara.

Mambo ya foleni hakuyajifunzia kwenye basi. Aliyajifunza kwa baba yake, akiwa ndani ya maji ya baridi yaliyomfika kiunoni, katika msitu wa Caney, kusini mashariki mwa Arkansas, kule ambako kila majira ya baridi mito hufurika na mialoni ikasimama ndani ya maji kwa miezi miwili. Bata hushuka humo kwa maelfu kula mbegu za mialoni. Msitu ni wa serikali, maana yake ni wa kila mtu mwenye leseni na buti zisizovuja, na ndiyo sababu watu hugombania humo kuliko wanavyogombania mashamba yao wenyewe.

Sheria zilizoandikwa ni chache. Lango la mteremko wa kushushia boti hufunguliwa saa kumi alfajiri, si dakika moja kabla. Bunduki zisilie mpaka ibaki nusu saa jua kuchomoza. Adhuhuri kila mwindaji awe ametoka, na kitu chochote kisilale msituni. Yaliyobaki ni desturi, na desturi hazikubandikwa ubaoni popote. Usipige bata ambao mwenzako anawaita. Usisimame karibu na mwenzako chini ya hatua mia mbili. Adhuhuri usimuulize mtu alikuwa wapi, labda aseme mwenyewe. Na kubwa kuliko zote ni ya taa. Anayefika kwanza kwenye uwazi kati ya miti hutundika taa yake tawini, usawa wa kichwa. Anayekuja nyuma akiiona, hufifisha ya kwake, hugeuza boti na kuondoka kimya. Haulizi ni nani, wala hajaribu bahati. Taa inawaka, pana mtu, basi.

Uwazi ulio bora kuliko wote huitwa Kwa Mchungaji, kwa sababu ya mchungaji mmoja wa Kibaptisti aliyekutwa humo Jumapili asubuhi, bunduki mkononi, wakati waumini wake walikuwa wamekwisha kuimba nyimbo tano wakimsubiri. Bata wanaweza kushuka pale bila kugonga matawi. Upande wa mashariki pana kimwinuko ambapo maji hayazidi goti, mahali pazuri kwa mtu mzee au mbwa. Kwingine kote maji ni ya kifuani.

Watu wawili waliupigania uwazi huo kwa miaka ishirini na sita: Arvella Pruitt na Thurman Boggs, fundi wa matrekta, mtu mrefu, mchache wa maneno, ambaye hata akicheka hutoa pumzi tu. Walipigania bila kugombana. Mmoja akiwahi, mwenzake aliiona taa akageuka, kisha akakaa mbali akisikiliza, na kwa kuwa kila mmoja aliijua filimbi ya mwenzake ya kuitia bata kama anavyojua sauti ya mlango wake, hapakuwa na haja ya kuulizana. Adhuhuri aliyekosa alimwambia aliyepata, "Uliwaita vizuri," hata kama aliwaita vibaya, na aliyepata alijibu, "Walikuwa wanakuja wenyewe tu." Halafu kila mtu alikwenda kwake kupanga namna ya kumtangulia mwenzake wiki inayofuata. Thurman alianza kulala garini pale mteremkoni. Arvella naye akaanza kulala garini, ila akawahi zaidi. Mumewe, marehemu Lowell, aliyekuwa hapendi baridi wala bata na ambaye moyo wake wote ulikuwa kwenye kochi la sebuleni, alisema kwamba ingekuwa ni ndoa ingekwisha kuvunjika zamani.

Haikuwa rahisi kwa mwanamke. Alipoanza kwenda peke yake baada ya baba yake kufa, wanaume walikaa wakisubiri akosee. Mwenzao aliyefyatua dakika moja kabla ya wakati wangemcheka, yamekwisha. Yeye wasingemsamehe hata nusu dakika. Basi hakukosea. Hakupiga mapema, hakumbana mtu, hakumwitia mtu bata wake, na mwishowe ikawa magomvi yote ya msituni yanaletwa mezani kwake, pale dukani kwa Nadine wanakokula wote baada ya adhuhuri, na alichosema Bi Arvella ndicho kilichokuwa. Watoto hakujaliwa, nyumba ilikuwa ndogo, na uzuri, kama alivyosema mwenyewe, uliishia nyumba ya jirani. Alikuwa na jina. Alilitengeneza kwa mikono yake kwenye maji ya baridi, na aliogopa kulipoteza kuliko alivyoogopa kufa.

Halafu nyonga ikaharibika. Walimwekea ya chuma, wakamwambia atembee, naye akatembea, lakini kulala garini hakuweza tena, kwani aliamka amekakamaa kama mbao. Wakati huohuo vijana wakaja na injini. Zilikuwa injini zinazopita mpaka kwenye tope, zinazolia hata vioo vya magari vikatetemeka, na lango likifunguliwa saa kumi zilitoka zote kwa pamoja, taa mbele, maji yakiruka pande mbili, wakati Bi Arvella bado anavuta kamba ya injini ya baba yake kwa mara ya tatu.

"Bi Arvella, nikufunge kamba nikuvute?" alimuuliza Rustin Vance asubuhi moja. Huyu alikuwa kijana wa mashamba ya mpunga, na utotoni alishushwa basini mara mbili.

"Hiyo injini ni ya boti, Rustin, au umeiba uwanja wa ndege?"

"Ni ya boti, mama. Inakunywa kidogo tu."

"Inakunywa kama mjomba wako. Haya pita, na usinirushie maji."

Vijana walicheka, wakapita. Na haki yao wapewe: adabu walikuwa nayo. Wakiiona taa waligeuka kimya kama walivyofundishwa, na wengi wao ni yeye aliyewafundisha. Tatizo ni kwamba taa hazikuwa zake tena. Msimu ule, tangu Novemba hadi katikati ya Januari, hakuipata Kwa Mchungaji hata siku moja. Alisimama pembeni, kwenye maji ya kifuani, akisikiliza watoto aliowapeleka darasa la kwanza wakiwaita bata vibaya.

Wazo lilimjia jikoni, akimenya viazi. Ijumaa alasiri, msitu ukiwa mtupu, aliingia polepole na boti yake, akatundika taa ndogo ya betri, ile inayoweza kuwaka siku mbili, kwenye tawi la pale Kwa Mchungaji. Akatoka kabla jua halijazama. Kesho yake alilala kitandani mpaka saa kumi kasoro, akanywa kahawa akiwa amekaa kitini, na saa kumi na moja na nusu, vijana wakiwa wamekwisha kutawanyika, alifika akaikuta taa inawaka na mahali pote patupu, panamngoja yeye.

Alijisikia vibaya kwa muda wa kupanga majini bata wake wa plastiki, wa kuwavutia bata wa kweli. Baada ya hapo alijieleza. Alijiambia anayefika kwanza ndiye mwenyewe, naye alifika kwanza, tena kwa saa kumi na mbili nzima. Alijiambia vijana wana miaka arobaini mbele yao, yeye labda mitano. Mtu aliyezoea kutoa hukumu hakosi maneno ya kujitetea, na Bi Arvella alikuwa nayo mengi, mazuri, yaliyopangika. Jumamosi iliyofuata alirudia. Jumamosi ya tatu ilikuwa siku ya mwisho ya msimu.

Asubuhi hiyo kulikuwa na barafu nyembamba ukingoni, na boti ilipasua kama mtu anayekanyaga sahani. Alipokaribia Kwa Mchungaji aliiona taa yake, na mbele zaidi, hatua mia mbili hivi, kule kwenye kina, aliona taa nyingine. Akasema moyoni, huyo kijana amekwenda kusimama pabaya. Akazima injini, akapanga bata wake, akapanda kwenye kimwinuko, akaegemea mwaloni.

Mapambazuko bata walikuja. Hawakuja wawili watatu; walikuja kundi baada ya kundi juu ya miti, madume wenye vichwa vya kijani kwa mamia, wakizunguka na kuteta. Alipuliza filimbi. Alipiga maji teke kwa mguu mzima ili yatikisike, nao wakaona maji yanacheza, wakadhani wenzao wanakula, wakakunja mabawa na kushuka katikati ya matawi mpaka alihisi upepo wao usoni. Ilikuwa asubuhi bora kuliko zote katika miaka kumi. Alipata wanne, idadi inayoruhusiwa kwa siku, kwa risasi tano, na alikuwa na furaha kiasi kwamba alisahau kuwa na nyonga. Kutoka kwenye ile taa ya pili haukusikika hata mlio mmoja.

Alipomaliza akaona boti inakuja taratibu, kwa kasia. Ni Thurman Boggs. Mbele yake, juu ya kipande cha mbao, alisimama mbwa wake mweusi, Jasper, mwenye mvi mdomo mzima, akitetemeka miguu ya nyuma.

"Uliwaita vizuri, Arvella."

Arvella hakutoa lile jibu la siku zote. "Ni wewe uliyekuwa kule? Kwa nini hukupiga?"

"Jasper haogelei tena kwenye kina. Ningewaangusha, nani angekwenda kuwachukua? Nikaona nisiwapoteze bure."

"Ulifika saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika kumi na mbili." Alimkuna mbwa nyuma ya sikio. "Niliegesha mteremkoni tangu jana saa mbili usiku. Gari la kwanza. Lango lilipofunguliwa hakuna boti iliyonipita. Nilitaka asimame hapo ulipo wewe, kwenye kimwinuko, mara moja ya mwisho. Daktari wa mifugo anasema hafiki majira ya joto."

Arvella aliangalia taa yake tawini. Ilikuwa bado inawaka, ingawa jua lilikuwa limekwisha kutoka. Alihisi damu inampanda shingoni mpaka masikioni.

"Kwa hiyo ulijua kwamba hapakuwa na mtu."

"Nilijua."

"Na ulijua ni ya nani?"

"Wakati ule, hapana. Nilikuja kujua nilipoisikia injini ya baba yako saa kumi na moja na nusu."

"Thurman, ulijua hapana mtu. Mbona hukuingia tu? Ungeing'oa ukaitupa majini, ningesema nini mimi?"

Thurman alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri hata akiulizwa kama anataka sukari.

"Taa ilikuwa inawaka," alisema. "Nikianza kukagua ipi ina mtu na ipi haina, kesho na mwingine atakagua. Basi haitakuwa taa tena, itakuwa balbu tu."

"Mlete sasa. Mlete Jasper hapa, tukae mpaka adhuhuri. Mimi nimeshapata wangu, sipigi."

"Amechoka, Arvella. Na bata wamekwisha kupita."

Ni kweli walikuwa wamepita. Anga lilikuwa jeupe, halina kitu. Arvella alimtazama yule mbwa, na mbwa akamtazama yeye bila kinyongo, kwa kuwa mbwa hawajui, na hilo likamtia Arvella aibu zaidi.

"Nitawaambia," alisema. "Leo hii, kwa Nadine. Nitasimama niwaambie wote."

"Usiwaambie."

"Unanilinda mimi?"

"Wewe sikulindi," alisema Thurman, bila ukali wowote. "Ukiwaambia utalala vizuri wewe. Wao watakwenda na shaka hiyo msituni." Akachukua kasia, akageuza boti, na Jasper akalala chini kwenye bati.

Adhuhuri duka la Nadine lilikuwa limejaa. Siku ya mwisho ya msimu kila mtu huja, na Nadine hupika biskuti za kwao, laini kama mkate, na mchuzi mweupe wa soseji mpaka unga unaisha. Bi Arvella aliketi mezani kwake penye dirisha akiwa amejiapiza kufunga mdomo. Thurman alikuwa kaunta, mgongo kwake, na kahawa. Mambo yangeishia hapo, lakini mlango ulifunguliwa akaingia Dewayne Stroud, fundi bomba, uso mwekundu, na nyuma yake Rustin Vance, wakiendelea na ugomvi walioanza nao mteremkoni.

"Bi Arvella, mwambie huyu," alisema Dewayne kabla hajavua kofia. "Nimetundika taa yangu, nimekaa zangu, anakuja ananimulika usoni! Usoni, mama, kama polisi. Bata waliokuwa wamelala pale wakaruka wote, na mimi mpaka saa mbili nilikuwa naona duara za kijani."

"Nilitaka kuhakikisha tu," alisema Rustin.

"Kuhakikisha nini? Kwamba mimi ni mzuri?"

Watu wakacheka. Rustin hakucheka.

"Bi Arvella, nisikilize. Jumamosi iliyopita mimi ndiye niliyetoka wa kwanza langoni. Wa kwanza, muulize yeyote. Nikafika Kwa Mchungaji, nikakuta taa. Huyo mtu alipitia wapi, angani? Nikageuka, kama ulivyotufundisha. Lakini wiki nzima sikupata usingizi. Kuna mtu analaza taa humo ndani. Na kama iko moja isiyo na mtu, nitajuaje hizi nyingine?"

"Hakuna mtu wa Caney anayeweza kufanya hivyo," alisema Dewayne. "Ni wageni wa kutoka Memphis. Mwambie, Bi Arvella. Mwambie aniombe radhi, tule."

Watu waligeukia meza yake. Walikuwa wakimsubiri kama walivyomsubiri mara nyingi, vijiko mikononi, na hukumu yenyewe ilikuwa rahisi. Angeweza kuitoa akiwa amelala. Taa ni taa. Rustin, omba radhi. Rustin angeomba, maana alikuwa mtoto mzuri, na angekwenda nyumbani akiamini kwamba macho yake yalimdanganya. Bi Arvella alitazama mgongo wa Thurman. Ule mgongo haukusogea.

Hapo ndipo alipoelewa alichokuwa ameombwa. Kunyamaza aliweza. Lakini hii haikuwa kunyamaza tena. Hii ilikuwa kumkalisha kijana aliyesema kweli mbele ya watu na kumwambia amekosa, kwa kinywa kilekile kilichomfundisha foleni.

"Rustin aliona sawasawa," alisema. "Ile taa ilikuwa yangu."

"Yako vipi?" aliuliza Dewayne.

"Niliitundika Ijumaa, nikaenda kulala. Wiki iliyopita, na iliyotangulia, na leo pia. Nilikuja saa kumi na moja na nusu nikaikuta."

"Bi Arvella, unatania."

"Sitanii, Dewayne. Desturi haina kosa, mwenye kosa ni mimi. Msiiache kwa ajili yangu."

Aliyasema haya ya mwisho haraka, na aliyasikia jinsi yalivyotoka mepesi. Thurman aliweka kikombe chini, akavaa kofia yake, akatoka, na kengele ya mlangoni ikalia nyuma yake. Rustin, ambaye alikuwa ameshinda shauri lake, alisimama pale amenywea.

"Ulinishusha kwenye basi mara mbili," alisema polepole. "Mvua ilikuwa inanyesha."

"Nakumbuka."

"Nilimwambia mama nilistahili."

Nadine alikuja na birika, akamjazia Bi Arvella kahawa mpaka juu kama kawaida, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakumwita mpenzi, neno alilozoea kumwita.

Usiku huo, kama Thurman alivyosema, Bi Arvella alilala vizuri.

Jasper alikufa Aprili. Arvella alisikia dukani, akatengeneza bakuli la kuku na wali, akampelekea. Thurman alilipokea mlangoni, akashukuru, akasema hali ya hewa si mbaya. Kwao bakuli la mtu halirudishwi tupu. Hata mwenye dhiki hutia mayai mawili au biskuti. Wiki moja baadaye Arvella alilikuta kibarazani kwake, limeoshwa, limefutwa, na ndani hamna kitu.

Novemba msimu ulifunguliwa. Walimsalimia vizuri pale mteremkoni, "Habari za asubuhi, Bi Arvella," na wawili walimsaidia kushusha boti. Hakuna aliyemtania kuhusu injini. Alitoka wa kumi na moja, hakujaribu hata kuelekea Kwa Mchungaji. Alikwenda kwenye kona moja ya maji ya kifuani ambayo hakuna anayeitaka, akatundika taa yake tawini, akasimama chini yake akiwa ameushika mti.

Boti ya kwanza ilikuja, haikufifisha taa. Ilimulika moja kwa moja usoni mwake.

"Nani hapo?"

"Ni mimi."

"Ah, Bi Arvella. Samahani. Tunahakikisha tu, si unajua tena."

"Najua," alisema.

Zikaja nyingine, na kila moja ilifanya hivyohivyo. Ya tano ilikuwa ya Rustin, naye aliomba radhi mara mbili. Na si kwake tu. Msitu mzima, huku na huku kati ya miti, alikuwa akiona mianga mikali ikipita kwenye nyuso za watu na kusikia sauti zikiulizana nani hapo, nani hapo, na bata, ambao walikuwa wamelala humo tangu jioni, wakawa wanainuka gizani makundi kwa makundi na kwenda zao kusini kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kupiga. Hakuwahi kusikia msitu wa Caney ukiwa na kelele kama ile. Alisimama akasikiliza yote, kwa kuwa yalikuwa yake.

Karibu na saa kumi na moja ikaja injini aliyoifahamu, ile yenye kikohozi. Boti ya Thurman Boggs ilijitokeza kati ya mialoni, peke yake, ile mbao ya mbele haina mbwa. Ikaiona taa. Palepale mwanga wake ukafifia. Ikapunguza mwendo, ikageuka taratibu bila kurusha maji, ikaanza kuondoka.

Moyo ulimruka Arvella. Amenisamehe, alijisemea, na kwa muda kidogo hakuhisi baridi hata kidogo. Alifungua kinywa amwite, amwambie pana nafasi ya wawili.

Lakini hakumwita, kwa sababu alikuwa ameanza kufikiri. Thurman hakuwa amemwona. Hakujua aliye chini ya taa ile ni nani, na hakutaka kujua. Alikuwa amegeuka kama alivyogeuka Januari, siku ambayo hapakuwa na mtu. Angekuwa Rustin, angekuwa mgeni wa kutoka Memphis, isingekuwa na mtu kabisa, boti ile ingegeuka vilevile, kwa adabu ileile. Arvella aliisikiliza injini mpaka ikapotea. Wale watano waliommulika usoni angalau walikuwa wamemwita kwa jina lake.